Aliyeubonyeza mkate wangu Forodhani jioni hii anajijua, na nyinyi nyote mnamjua

Assalaam alaykum wanabaraza.

Naandika nikiwa bado nimeloa na kanzu sijaibadilisha, kwa sababu nikisubiri hasira zipoe nitaanza kumtafutia udhuru, na mtu huyu hastahili udhuru hata wa kusingiziwa. Jina lake silitaji. Mkaazi wa Mji Mkongwe asiyemjua bwana yule mwenye mwavuli mkubwa na rai juu ya kila kitu, basi huyo ameshuka melini leo asubuhi.

Baada ya sala ya alasiri nilikuwa nimeketi bustani ya Forodhani na mkate wangu wa ufuta, ambao nilikuwa nimetoka kuununua Darajani ukiwa wa moto, umefungwa gazeti, na tui likinukia hadi benchi la pili. Mvua ilikuwa imekatika kidogo, kama ilivyo ada ya masika kutupumzisha kabla ya kutuadhibu tena, nami nikamwambia mzee aliyekaa pembeni yangu kwamba mawingu ya upande wa Bara bado hayajamaliza kazi. Mazungumzo yetu hayakuzidi hapo: mvua, vijana wanaojirusha baharini kutoka ukutani bila kujali baridi, na kama wachoma mishkaki wangewasha majiko au wangerudi makwao.

Ndipo akatokea. Hakusalimu. Alikung'uta mwavuli wake juu ya magoti yangu, akainama, akanyoosha kidole gumba na kuubonyeza mkate wangu, pale pale kwenye ufuta mwingi, taratibu, kama daktari anayelitafuta jipu. Kisha akawageukia watu, maana alikwisha hakikisha kwamba wapo, akatamka: "Huu wa juzi."

Wa juzi! Mkate ambao mvuke wake ulikuwa umenitia ukungu kwenye miwani!

Nifahamuni vyema. Angesema tu, nisingelalamika, kwa kuwa mji huu watu husema na sisi tumezoea kusemwa. Lakini kidole? Kidole kilichotoka kushika mpini wa mwavuli ambao Mungu ndiye ajuaye ulikuwa umeegemezwa wapi? Alama yake imetoka wazi kiasi kwamba ingefaa kuandikishia kitambulisho. Bustani ile ilikarabatiwa mwaka 2009 na Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan ili watu wapunge upepo wa bahari, na sikumbuki kusikia kwamba katika mipango ile palitengwa ofisi ya ukaguzi wa mikate. Alibonyeza, wanabaraza. Alibonyeza na akasubiri aone kama utarudi juu.

Bi Chachandu: Pole sana, kaka yangu, ingawa wewe umepona. Mimi bwana huyo huyo aliuonja urojo wangu kwa kijiko changu mwenyewe, akanirudishia bakuli na kunieleza mbele ya wageni kwamba ukwaju umezidi na bajia hazikukaangwa kwa mafuta mapya. Kijiko kizima kiliingia kinywani, na wewe unalilia kidole.

Fundi Hamira: Nimeoka mikate maisha yangu yote, kwa hiyo niruhusuni nitoe ushahidi wa kitaalamu. Kipimo cha kidole kipo na ni cha kweli, lakini ni cha boflo, ule mkate wa kawaida wa ngano: la leo ukilibonyeza hurudi, na la jana hubaki na shimo. Mkate wa ufuta uliofungwa gazeti ungali wa moto hutoka jasho, ukalegea, na masika haya hewa ina unyevu mwingi kiasi kwamba hata ganda la boflo jipya hulainika kabla hujafika nalo nyumbani. Bwana yule ametumia kipimo sahihi juu ya mkate usiohusika. Wakati wa kaskazi mambo ni mengine kabisa, kwani joto huumua unga haraka mno na sisi hulazimika kupunguza hamira.

Shahidi wa Benchi la Tatu: Mimi nilikuwepo, na ninashangaa kwamba mleta mada ameificha sehemu muhimu kuliko zote. Baada ya kubonyeza, bwana yule alimega kipande akamrushia paka. Paka alikinusa, akamtazama mleta mada, akaondoka.

Mleta mada: Paka wa Forodhani hulishwa mabaki ya pweza na changu kila usiku, hivyo hawezi kuwa shahidi katika kesi ya ngano. Turudini kwenye kidole.

Mtoto wa Ng'ambo: Paka kukataa mkate wa bure ni jambo zito, ndugu yangu, na ingekuwa heshima kwako kama ungelinyamazia.

Mwana wa Mofa: Haya yote yasingetokea kama mngekuwa mnakula mkate wa mofa. Unga wa mtama, tanuri la udongo, mkate umebandikwa ubavuni mwa tanuri hadi ukaiva: hapo aje mtu na kidole chake, aondoke na lengelenge. Ngano tunayoigombania karibu yote inatoka ng'ambo ya bahari, na bado mnauliza kwa nini boflo linazidi kupungua huku bei ikizidi kupanda.

Bi Chachandu: Hapo umesema kweli. Boflo la siku hizi ukilikata kwa ajili ya watoto, mzazi hubaki na makombo na chai.

Fundi Hamira: Msitutupie sisi waokaji lawama hiyo. Gunia la unga hatulipangii bei sisi, na kuni zikiloa mvua hii tunachoma nyingi zaidi kwa mikate ile ile.

Mfua Nguo: Mimi mnaniudhi mnapoitaja mvua kwa upole namna hii. Aliyetangaza kwamba leo kutakuwa na manyunyu mepesi alifahamu kwamba nimefua mashuka ya nyumba nzima, na alinyamaza makusudi hadi nilipoanika la mwisho.

Mleta mada: Jamani, tulikuwa tunazungumzia kidole.

Mtoto wa Ng'ambo: Samahani, Mwana wa Mofa, huo mkate wa mtama unapatikana wapi baada ya magharibi, na je, mtu akichelewa anaweza kuwekewa?

Mwana wa Mofa: Unawekewa, lakini utume mtu mapema na pesa mkononi, kwa sababu mvua ikianza tena mama hufunga tanuri na kuingia ndani.