Tupeane uzoefu: Jiko lako la nje ulilijenga kwa vifaa gani, na vipi vimedumu?

Wakuu, salaam. Masika iliyopita imenimalizia jiko la nje ambalo halikuwa na miaka miwili. Nataka kulijenga upya kabla ya vuli, na safari hii sitaki maneno ya dukani. Nataka kusikia kwa watu wanaopika humo kila siku.

Nakaa Kigamboni, si mbali na bahari. Jiko lenyewe ni banda wazi nyuma ya nyumba: hapo ndipo tunapokaangia samaki, tunapopikia pilau la shughuli, na mama mkwe anapochoma vitumbua alfajiri. Kosa langu la kwanza ni kununua makabati ya ndani na kuyaweka nje, yale ya MDF, yaani mbao za unga wa miti ulioshindiliwa kwa gundi, yaliyofunikwa karatasi nyeupe inayong'aa. Chini ya karo yalianza kuvimba hata kabla mvua hazijakolea, unyevu wa usiku tu ulitosha. Kufika Aprili milango imefura kama mkate uliotoswa kwenye chai, bawaba zinachomoka zenyewe.

La pili limeniuma zaidi kwa sababu nilitoa pesa nyingi: meza ya stenlesi. Muuzaji aligusisha sumaku, haikunasa, akaniambia hii haijui kutu. Mwezi wa tano madoa ya kahawia yakatokea. Fundi mmoja wa boti ndiye aliyenifungua macho: sumaku haitoshi. Aina ya 201, ya 304 na ya 316 zote kwa kawaida hazinasi, lakini 201 ndiyo dhaifu kwa kutu, na 316 imeongezwa madini ya molibdenamu ndiyo maana inavumilia chumvi ya bahari. Tena sisi wenyewe tulikuwa tunaisugua kwa stilwaya, kumbe chembe zake za chuma zinabaki juu ya meza na kutu inaanzia hapo hapo.

Kilichosalia kizima ni kibenchi cha zege ambacho fundi alikimwaga kwa masalia ya slabu ili tusitupe mchanganyiko. Hakijapata hata ufa.

Semeni na nyinyi: uko wapi, ulitumia nini, kimekaaje?

Mwashi wa Tanga
Pole sana mkuu. Uashi nimeufanya miaka mingi huku pwani na nimebomoa majiko ya nje mengi kuliko niliyojenga. Ugonjwa mkubwa ni mchanga wa ufukweni. Mtu anauchota bure, anamwagia zege, na ile chumvi inavuta unyevu mpaka kwenye nondo. Nondo ikipata kutu inavimba na kuipasua zege kutoka ndani. Nunua mchanga wa mtoni, na nondo zizame, acha kama sentimita 4 za zege kati yake na uso wa meza.

Sehemu ya moto usiijenge kwa saruji. Joto kali linaichosha, inamomonyoka. Tumia matofali yaliyochomwa yakaiva, uyajengee kwa udongo wa kichuguu, halafu ezeka vizuri maana udongo hautaki mvua. Saruji ibaki nje, kwenye umbo.

Milango ya kabati nimefunga ya mtiki. Sisi tuna bahati ya shamba la Longuza pale Muheza, vipande vinapatikana. Mtiki una mafuta yake, mchwa haupendi. Ila ukifunga kwa skrubu za kawaida umeharibu kazi, kutu itachirizika kwenye mbao. Weka za shaba au za stenlesi nzuri.

Mama Likoni
Mie niko Mombasa. Nilianza na makuti juu ya jiko zima kwa sababu ya ubaridi wake, na ni kweli mchana unakaa bila kusikia joto. Siku moja cheche ya kuni ilipanda. Tuliizima kwa ndoo, Alhamdulillahi, lakini tangu siku ile moto uko chini ya mabati, makuti yamebaki tunapokalia. Mabati yangu yalianza kutu pale yalipokatwa na kwenye matundu ya misumari, kwengine kuzima. Kwa hivyo wakikata, wapake rangi ya kuzuia kutu papo hapo.

Na sakafu, ndugu zangu, msiweke vigae vya kung'aa. Mamangu aliteleza kwa maji ya samaki akavunjika mkono. Tukang'oa vyote tukaweka mawe ya Mazeras, yana ukwaruzo wake, mguu unashika.

Mpemba wa Maskati
Huku Omani kiangazi joto hupita digrii 40. Niliweka graniti nyeusi kwa urembo. Ikipigwa na jua adhuhuri huwezi kuegemeza mkono. Chagua ya rangi ya kijivu hafifu na uitie kivulini. Jirani yangu aliweka jiwe la marumaru, na kila ndimu iliyokamuliwa juu yake imeacha alama. Asidi inalila jiwe lile. Graniti haina shida hiyo.

Mkinga Makete
Sisi chumvi hatuna, tuna sakitu. Juni na Julai maji yaliyoingia kwenye tofali bichi yanaganda na kulimenya. Ligonge kabla ya kununua: lililoiva linalia, bichi linatoa sauti ya kufa. Na vipande vya mbao za dawa msivitie motoni kupikia, moshi wake ni sumu.

Mleta mada
Nashukuru sana, hasa Mama Likoni. Mama mkwe wangu naye anatembea na ndala humo humo, vigae nitaving'oa. Nimeamua meza ya zege, milango ya mtiki, na sehemu ndogo ya stenlesi ya 316 kwa kuparia samaki. Mwashi, nikimwaga Jumamosi, naanza kuitumia lini? Na mtungi wa gesi niuweke kabatini?

Mwashi wa Tanga
Ifunike kwa magunia na uyalowanishe asubuhi na jioni siku 7, usiikaushe kwa jua. Vitu vizito subiri mwezi. Kabati la mtungi litobolewe chini kabisa, maana gesi ikivuja hutuama chini, haipandi. Mpira wake usipigwe na jua, unapauka na kupasuka. Ukunje uuangalie kila baada ya miezi michache. Ukiona nyufa, badilisha siku hiyo hiyo.