Kibubu cha chuma cha babu: kipakwe rangi ama kiachwe?

mwana_mkomani: Asalam aleikum nduza. Juzi kufungua sanduku la babu (alikuwa baharia meli za wazungu) nimetoa kibubu cha chuma, kizito ajabu, kina nyumbu (yule mtoto wa punda na farasi) na jamaa kampanda, wamtia shilingi mdomoni ukibonyeza pale chini nyumbu apiga teke jamaa apinduka kichwa mbele na shilingi yamtoka yaingia ndani!! Watoto wa mtaa washamaliza sarafu zao zote hapa. Sasa rangi imebanduka na kaka yangu ataka kukipiga msasa akipake rangi ya mashua iliyobaki. Nisaidieni nimzuie vipi

fundi_langoni: MSASA??? Mfiche huo msasa leo leo. Hicho ni cha Marekani, kampuni ya J. & E. Stevens, Cromwell kule Connecticut, hati yake ya uvumbuzi ni ya 1879. Ni chuma cha kusubu, kimemiminwa kwenye mchanga halafu kikapakwa rangi kwa mkono, ukiibandua hiyo rangi umebaki na chuma tu. Lakini angalia kwanza kama ni chenyewe maana kopi ni nyingi. Skrubu ikiwa ya nyota ujue ni ya juzi, hizo zimekuja miaka ya 1930. Pitisha na kidole, cha zamani ni laini na viungo vimebana, kopi yakwaruza kama mchanga na huwa ndogo kidogo kwa sababu chuma kikipoa hunywea

shela_boy: punda wa Lamu wapiga teke bure huyo wa Marekani mpaka alipwe 😂

bi_mtini: Mimi nilitaka kuuliza huyo mpanda ana sura gani. Mweusi, midomo mikubwa sivyo? Na ubavuni pameandikwa Always Did 'Spise a Mule, yaani siku zote nilimdharau nyumbu, hicho ni kizungu cha kuwaigiza watu weusi, enzi hizo walitengeneza vibubu vingi vya kutucheka sisi. Sisemi ukitupe, rangi usiguse, ila hao watoto waambie wanacheka nini.

mwana_mkomani: Subhanallah ni kweli, na mimi nimecheka wiki nzima. Skrubu ni ya mstari mmoja

fundi_langoni: Bi Mtini kweli kabisa. Ila hao hao Stevens walitoa na cha mwanasiasa wa New York, bonge kakaa kitini, wampa sarafu aitia mfukoni halafu akutikisia kichwa ahsante. 1873 hiyo

shela_boy: huyo hakuna haja kumleta na meli tunao

bi_mtini: 😂 Ndio raha yake lakini, siwa, lile baragumu la kale, pale makumbusho twaitazama kwenye kioo tu, hiki mtoto akishika kila siku

mwana_mkomani: Kaka amekubali shingo upande. Shida sasa kifuniko cha chini kimeganda kutu na shilingi zangu mia mbili na kitu zimo ndani, nikigonge?

fundi_langoni: USIGONGE. Chuma cha kusubu hakipindi, chakatika. Kifute kwa kitambaa kikavu, usikiweke dirishani kwenye upepo wa bahari, uniletee Ijumaa baada ya swala