Mrejesho: vipande vya mvule na homoni ya mizizi, Wete

Assalaam alaykum. Niliuliza kwa nini vipande vyangu vya matawi ya mvule, ninavyochomeka ili vitoe miche, vinakauka hata nikivichovya kwenye homoni ya mizizi, yaani dawa ya kuchochea mizizi itoke. Ahsanteni nyote, hasa aliyesema niachane na matawi ya mti mkongwe, nichukue machipukizi ya kisiki. Hilo ndilo lililonivusha. Nilibakisha nusu jani, nikachovya kitako kwenye unga wa IBA (ndiyo hiyo homoni), nikachomeka kwenye mchanga uliooshwa na kufunika nailoni chini ya mwembe. Mizizi imetoka, myeupe, minene kama tambi. Vya mti mkongwe vimeoza vyote, na dawa ni ile ile. Maji ya dafu nayo nilijaribu badala ya homoni. Yameniletea sisimizi tu. Vipande vya mkangazi, mti mwingine wa mbao, bado vimegoma: juu majani mabichi, chini hamna mzizi.