Marehemu mama ameacha kofia na daftari la michoro: tuvihifadhi vipi?

Binti_Chake
Assalamu alaykum. Naomba ushauri wenu. Mama yetu ametangulia mbele ya haki mwezi wa Rajabu. Alikuwa mshonaji wa kofia za mkono hapa Chake Chake tangu usichana wake. Duka hakuwa nalo. Watu walikuja barazani wakaagiza, na nyingine zikienda Maskati kwa mikono ya ndugu.

Ametuachia kasha moja. Mna kofia zilizokamilika, vipande vya bafta vilivyochorwa na havijashonwa, na daftari la hesabu la miraba alilokuwa akichorea maua yake. Pembeni ya kila ua ameandika kwa herufi za Kiarabu jina la aliyeagiza, na penginepo neno mojamoja: "harusi", "kalipa nusu", "kafa". Nikilisoma namsikia kabisa anavyosema.

Kofia moja hakuimaliza. Ukanda wa pembeni umeshajaa vitundu, pamebaki kama vidole vinne, na sindano yake imo humohumo, uzi haujakatwa. Hiyo sitaki hata iguswe.

Kaka yangu aliyeko Maskati anataka zigawiwe wajukuu wazivae Idi. Mimi naogopa jasho, kufuliwa, kupotea. Na daftari limeanza kutoka madoa ya kahawia. Nifanyeje? Natamani pia watu waione kazi yake, maana mtaani kofia wanaijua, aliyeishona hawamjui.

Bi_Mkunazini
Wa alaykumu ssalaam mwanangu. Allah amrehemu. Kofia hizo ni mirathi. Kabla hamjasema hizi za kuvaa na hizi za kuweka, warithi wote mkubaliane, huyo kaka akiwemo, hata kwa simu. Na deni la hao wa "kalipa nusu" nalo limo katika mirathi. Mkisamehe, msamehe pamoja.

Kaka yako ana haki yake. Mimi nashona, na kofia ya kiua, hii ya vitundu, inakaa miezi mkononi kwa ajili ya kichwa cha mtu. Wajukuu wavae baadhi. Lakini daftari lisigawiwe hata ukurasa mmoja.

Zile za kuweka zisitiwe wanga, wanga ni chakula cha wadudu. Zilizotiwa zamani zifuliwe taratibu kwa maji matupu, zikaushwe kivulini. Wala zisilale bapa. Mkunjo uleule, mwaka baada ya mwaka, ndio unaokata uzi. Zijaze ndani bafta nyeupe iliyokwisha kufuliwa, zikae na umbo lake.

Karani_Unguja
Pole sana dada. Nimefanya kazi na nyaraka za zamani, kwa hiyo niseme jambo moja bila kuzunguka: sindano itoe leo. Kwa unyevu wa Pemba itashika kutu, kutu itaingia kwenye bafta, na doa lile halitoki. Ipige picha kwanza ikiwa mahali pake, kwa karibu, kisha ivute polepole bila kukata uzi. Pale ilipokuwa pitisha uzi wa pamba wa rangi nyingine uwe alama. Sindano iweke kwenye kichupa chake, uandike ni ya nini.

Madoa ya daftari ni unyevu. Usilitie plastiki kwenye mashine, haitoki tena bila kuharibu karatasi. Usilianike juani pia, wino utafifia. Lipige picha kila ukurasa, hata mtupu, karibu na dirisha pasipo jua la moja kwa moja, rula ikiwa pembeni ili kipimo cha ua kisipotee. Nakala zikae mahali patatu: kwako, kwenye diski, na kwa kaka Maskati. Sehemu ya Beit al Ajaib, lile jumba la makumbusho hapa Unguja, iliporomoka Desemba 2020, na ukubwa wake wote ule; seuze nyumba zetu.

Mwana_wa_Amu
Picha peke yake hazitasema. Wako wanawake aliokuwa akikaa nao barazani? Wapelekee daftari, uliza kila ua linaitwaje, nani alilianza, lilivaliwa wapi, na simu iwe inarekodi. Fanya hivyo kabla ya hayo mengine yote, kwani kofia inaweza kungoja.

Ukiweka picha mtandaoni, weka jina la mama chini ya kila moja. Majina ya wateja yafunike. "Kalipa nusu" ni aibu ya mtu aliye hai.

Binti_Chake
Jazakumullahu khayran nyote. Hilo la majina sikuwa nimelifikiria. Sindano nimeitoa, mkono ukinitetemeka, na uzi umebaki mzima. Kaka amekubali za wajukuu tuzichague pamoja kwa video. Mashoga wawili wa mama, wale wa barazani, wako Wete, nawaendea Jumamosi. Ile karatasi maalumu isiyo na asidi inapatikana hapa Zanzibar?

Karani_Unguja
Usiingoje. Tandika bafta iliyofuliwa ndani ya kasha lote, maana mbao nazo hutoa asidi, na ulifungue lipate hewa siku za kiangazi. Wete nenda na chaja.