Tupeane uzoefu: Nani alisimama kati ya wapiganaji, na raia wakapata njia?

Mama wa Kaptembwo (Nakuru)

Hamjambo nyote. Kila redio inaposema mashirika ya kiraia yametaka vita visitishwe, iwe Sudan iwe mashariki mwa Kongo, vijana wangu huguna: "Hao nao, matamko tu." Mimi siwezi kuguna. Mwaka 2008 maneno ya namna hiyo ndiyo yaliyonitoa mtaani nikiwa na watoto watatu na sufuria moja.

Moto wa ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ulipofika Nakuru, wiki ya mwisho ya Januari, ploti yetu ilikuwa na familia za makabila manne. Vijana wa huku walikuwa na mishale, wa kule mapanga, na katikati palikuwa na kiwanja ambacho hata mbwa hakukipita. Siku ya pili wakaja akina mama saba, wa kanisani na wa msikitini pamoja, wa mbele amefunga leso nyeupe kwenye mpini wa ufagio. Hawakuhubiri amani. Waliomba kitu kimoja tu: kuanzia saa mbili hadi saa nne asubuhi asirushe mtu mshale, wanawake na watoto wapite hadi barabara kubwa. Upande mmoja ukakubali papo hapo. Wa pili ukaweka sharti: mwanamume yeyote asiwemo.

Nikapita. Mume wangu alibaki chini ya kitanda cha jirani, na jirani mwenyewe ni wa kabila ambalo vijana wake walikuwa wakimtafuta.

Baadaye ndipo nikajua kwamba siku hizohizo kule Nairobi Dekha Ibrahim Abdi, aliyekuwa amepatanisha koo za Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, tangu miaka ya tisini, alikuwa na Balozi Bethuel Kiplagat, majenerali wastaafu Opande na Sumbeiywo na George Wachira, wakiunganisha watu kama wale mama saba nchi nzima. Naomba hadithi zenu. Siasa ya nani alishinda kura tuiache. Niambieni nani aliomba, aliomba nini hasa, na alipewa nini.

Wa Kondele (Kisumu)

Pole mama, na asante. Wakati huo nilikuwa bodaboda wa baiskeli. Barabara ya kwenda Kakamega ilikuwa mawe na matairi yanayowaka, kila mita mia kizuizi. Mzee mmoja wa kanisa na mwalimu mstaafu walizunguka kizuizi kwa kizuizi wakizungumza na vijana, mpaka wakapatana alama: ukiwa na mgonjwa, funga tawi la majani mabichi mbele ya baiskeli, utapita bila kuulizwa jina wala kitambulisho. Nilimbeba mama mwenye uchungu wa kuzaa kutoka Obunga. Vijana walisogeza tairi kwa vyuma ili gurudumu langu lisipite kwenye moto, na mmoja akanisukuma kwenye mlima.

Lakini niseme na upande wa pili. Patano lile lilikuwa na vijana wa vizuizi pekee. Wenye bunduki, yaani polisi, hakuna aliyewafikia. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia zile, iliandika kwamba wengi waliokufa Nyanza walikufa kwa risasi, na sisi wa Kondele hatukuhitaji tume kutuambia. Siku mbili baada ya safari ile, rafiki yangu alipigwa risasi akiwa na tawi lake mkononi. Majani hayakuwa na maana yoyote kwa aliyefyatua.

Bibi wa Cheptais (Mlima Elgon)

Mwanangu wa Kondele, hapo umenigusa. Sisi tulikaa katikati kwa karibu miaka miwili. Ugomvi ulianza kwa mashamba ya Chebyuk: nani kapewa, nani kanyang'anywa. Mwaka 2006 vijana wa SLDF, kundi lenye silaha lililodai ardhi ya Wasabaot, wakaingia msituni. Walitoza kodi, waliua, waliwakata watu masikio. Machi 2008 jeshi likaja na Operesheni Okoa Maisha, likakusanya wanaume kijiji kwa kijiji. Mwanangu wa pili alichukuliwa akiwa na jembe mkononi. Usiku ukimpa mtu wa msituni unga, ni kosa mchana. Mchana ukimwonyesha askari njia, ni kosa usiku.

Waliokuja kutusikiliza walikuwa watetezi wa haki za binadamu, vijana wenye madaftari. Waliandika majina ya waliopotea mikononi mwa pande zote mbili, na kwa hilo wakatukanwa na pande zote mbili. Mmoja wao, binti mdogo tu, alitueleza kuwa Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 ina kifungu cha tatu kinachohusu vita vya ndani ya nchi: asiyeshika silaha asiguswe, aliyejeruhiwa atibiwe, aliyekamatwa asiteswe. Na kinamfunga wa msituni sawasawa na mwenye sare. Nilimwambia, basi mwanangu, kasome kwa wote wawili.

Mwanangu alirudi baada ya siku kumi na moja. Hadi leo hainui mkono wa kulia juu ya bega. Wa dada yangu hakurudi, ila jina lake liko kwenye daftari lile, limeandikwa sawa, na jina la baba yake.

Dereva mstaafu (Kitale)

Nimeendesha lori la chakula cha msaada hadi Lokichoggio, karibu na mpaka wa Sudan, miaka mingi. Huko nilijifunza kwamba vita vinaweza kusimamishwa kwa sababu ya mnyoo. Mwaka 1995 Jimmy Carter, rais wa zamani wa Marekani, aliwaomba serikali ya Sudan na waasi wa SPLA wanyamazishe bunduki ili wahudumu wa afya wafike vijijini kupambana na mnyoo wa Guinea, ule unaotoka mguuni polepole kama uzi. Wakakubali, wakaongeza muda, ikafika karibu miezi sita. Watu waligawiwa vitambaa vya kuchuja maji, watoto wakachanjwa. Vita vikarudi, ndiyo. Lakini mtoto aliyechanjwa hachanjuki.

Wa Naivasha

Nawaheshimu wote, ila kwetu hakuna aliyekuja na leso. Tarehe 27 Januari 2008 watu walichomwa ndani ya nyumba, na mimi nilipoteza dada na wanawe. Ilipofika Februari 28 Kofi Annan, msuluhishi, akasimama na Kibaki na Raila, waliogombania ushindi, wakitia saini kugawana madaraka, nilifurahi kama kila mtu. Kisha nikaanza kuuliza nani alichoma. Nikaambiwa na watu wa kanisani kwangu, "Ndugu, usivuruge amani." Neno lililookoa wengine liligeuka kitambaa cha kunifunga mdomo. Wanaoomba vita visitishwe wadai na haki siku hiyohiyo, kwa pumzi hiyohiyo.

Mama wa Kaptembwo (Nakuru)

Wa Naivasha, pole sana. Nimesoma ulichoandika mara tatu na sina la kukupinga. Andika jina la dada yako mahali, kama alivyofanya yule binti wa Cheptais.

Bibi, bega hilo lipelekeni kwa daktari wa mifupa hata sasa.

Kuna aliyeniuliza pembeni mzee wangu alitokaje. Asubuhi iliyofuata akina mama walirudi kuwaombea wanaume, wakakataliwa kwa matusi. Jirani hakungoja ombi la tatu. Alimlaza kwenye mkokoteni, akamfunika magunia ya makaa, akamsukuma mwenyewe alfajiri kafyu ilipoisha tu, akipita mbele ya vijana wa kabila lake akiwasalimia mmoja mmoja kwa jina. Mzee alifika uwanja wa maonyesho mweusi kuanzia nywele hadi vidole, na mtoto wetu mdogo alipomwona akakimbia akilia, akajificha nyuma yangu.