Wazee wa kanisa na maustadhi mnaosaini mzigo ambao haujashushwa: hiyo nayo ni rushwa!

Wakuu, inaudhi mno. Mimbari inalaani rushwa kila wiki, watu wanaitikia amina, kisha Jumatatu waumini walewale wanasaini uongo kwenye stoo ya shule.

Nazungumzia fosi akaunti, pale shule inaponunua vifaa yenyewe na kumlipa fundi. Kwenye kamati ya mapokezi hukosi kumkuta mzee wa kanisa au ustadhi, amewekwa humo kwa sababu anaaminika. Kazi yenyewe nyepesi: lori likifika hesabu, linganisha na hati ya agizo, saini, mtunza stoo aingize kwenye leja, daftari la stoo. Saini hiyo ndiyo inayofungua malipo. Sasa mtu anasaini mifuko 100 ya sementi, iliyoshuka ni 80, eti "ishirini inakuja kesho". Haiji! Mwenye duka anagawana na aliyeagiza, mzee anapewa ya soda.

Fundi atafanyaje? Zege la moja-mbili-nne (sementi moja, mchanga mbili, kokoto nne), kwa mfuko wa kilo 50, linakula ndoo tatu na nusu za mchanga na saba za kokoto, ndoo za lita 20. Sementi ikipungua anazidisha mchanga. Mfuko wa kutoa tofali 30 unafyatuliwa 45, ukilibeba pembe zinamomonyokea mkononi. Sakafu inatoa vumbi wakati rangi ya ukutani bado ni mpya, na watoto kila asubuhi ni kama wanalifagia darasa lao lenyewe na kulitoa nje.

Nondo ndiyo balaa, maana inafukiwa. Mchoro unataka milimita 12, zinashushwa za 10. Kwa macho huoni kitu, ila chuma kimepungua asilimia 30. Pandisheni nondo moja ya mita 12 kwenye mizani: ya milimita 12 ina kilo kama 10.6, ya 10 ina 7.4. Mnashindwa hata hilo?

Halafu mgao huohuo unarudi kama mabati ya kanisa au zulia la msikiti, na mleta anaombewa dua mbele ya umma. Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa kukusanya zaka, alipoileta akasema hii yenu, hii nimezawadiwa, Mtume (s.a.w.) aliuliza: angekaa nyumbani kwa wazazi wake, zawadi hiyo ingemfuata? Wakristo nao wana amri ya kutomshuhudia jirani uongo, na jirani hapa ni mtoto wa darasa la tatu anayekaa chini ya linta, ile boriti ya zege juu ya madirisha, yenye nondo hizo pungufu. Serikali ya Tanzania nayo imeliandika: Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 22, nyaraka za kupotosha.

Mapadri, wachungaji, masheikh, acheni kuihubiri rushwa juu juu. Waambieni waumini wenu waziwazi: usisaini mzigo ambao hujauhesabu. Ukiwa pungufu, kata kwa mstari idadi ya kwenye hati ya mzigo aliyoleta dereva, andika iliyoshuka kweli, dereva naye asaini hapohapo. Akigoma, mzigo urudi naye.