Fundi kanifungia boila la makaa ya mawe Kabale. Makaa yenyewe nitoe wapi?

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Nyumba ni ya marehemu baba, vyumba kumi na moja, juu ya kilima hapa Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda. Msioijua Kabale mtasema nadeka. Tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai ukitoa mkono nje ya blanketi unaurudisha haraka. Mama miguu inamuuma. Nikapata fundi kutoka Kampala, mdomo asali, akaniletea boila la mtumba la Ulaya, yaani tangi la kuchemshia maji kwa moto, na rejeta za ukutani kila chumba, vile vyuma vinavyopitisha maji moto kupasha chumba. Kumbe limeundwa kwa makaa ya mawe. "Usijali bosi, makaa ni makaa."

Makaa ni makaa! Nani anachimba makaa ya mawe Uganda hii? Nayasikia kusini mwa Tanzania huko, Kiwira na Ngaka. Basi nalilisha makaa ya miti, nayo ni mepesi: tumbo lilelile halibebi hata nusu ya uzito. Lilipaswa kushiba saa nne usiku likalala na moto hadi alfajiri. Mimi saa nane niko chini na koleo, nusu ya chenga zimeshapenya kwenye vyuma na kuangukia majivuni zikiwa bado nyekundu. Na bei ya gunia la makaa ya miti, tangu amri ya Rais ya Mei 2023 ya kuzuia makaa ya biashara kaskazini mwa nchi, mnajua wenyewe.

Hayo ningeyameza. Juzi umeme ukakatika. Pampu ya kuzungusha maji ikasimama, lakini moto wa makaa hauna swichi. Maji yakachemka humo humo, mabomba yakagonga kama kuna mtu kafungiwa ndani, vali ikatema mvuke hadi darini. Kijana wa kazi akaja mbio na ndoo amwagie, nikamvuta shati. Tukakomba moto kwa koleo, tukautupa uani.

Boila la makaa linataka tangi la wazi juu, maji yakipanuka yapate pa kwenda, na walau rejeta moja ambayo maji moto hupanda yenyewe bila pampu. Jamaa kaziba kila kitu kama hita ya gesi.

Nimempigia. "Mzee, nunua jenereta." Leo asubuhi kanitumia ujumbe anadai salio lake.

Mama karudi kwenye sigiri. Kwa sababu ya ile hewa yake ya sumu lazima tuache dirisha wazi, na baridi inaingia hapo hapo.